Stendi ya elfu thelathini na tano ilivyoniangushia lenzi: tuelekezane kuchagua tripodi kulingana na mfuko na kazi

Mzee wa Shata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki napata ujumbe wa pembeni wenye swali lile lile: "Mkuu, ninunue stendi gani ya kamera?" Nikiuliza unapiga nini, najibiwa "picha". Leo naandika mara moja, kesho nikiulizwa natupia kiungo tu nikalale.

Naanza na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilichukua send-off moja Sinza. Kamera nilikuwa bado nadaiwa, lenzi ndefu ya milimita 70-200 nimeazima kwa mshikaji. Stendi niliokota Kariakoo kwa elfu thelathini na tano, inang'aa kama sufuria mpya, na ndani ya boksi wameweka kimfuko cha kubebea. Nikajiona mjanja. Ukumbini nikaisimamisha pembeni ya jukwaa, nikavuta nguzo ya katikati mpaka mwisho ili nipite juu ya vichwa vya watu.

Keki inaingia, mashangazi wanarusha vigelegele, spika zinatikisa sakafu, mimi jicho kwenye kamera. Naona picha inainama taratibu, kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Kichwa cha stendi, pale kamera inapofungwa, kilikuwa kinashuka chenyewe. Nikakaza mpini. Ukalia "tak". Skrubu ilikuwa imeshikwa na plastiki, na hiyo plastiki ndiyo iliyopasuka. Kamera ikalala mbele, uzito wote ukahamia kwenye lenzi, mguu mmoja ukapiga goti. Lenzi ilifika chini kabla ya mkono wangu.

Lenzi ya mtu. Nimeilipa miezi saba.

Tangu siku hiyo nimenunua stendi nyingine nne, mbili za kujuta na mbili ninazo mpaka leo. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi sianzi na bei wala jina la kiwanda. Najiuliza naweka nini juu yake, naifanyia nini, na naifikishaje kazini. Hilo la mwisho watu wengi hawalifikirii kabisa, na ndilo linalofanya stendi nzuri zilale uvunguni.

Uzito kwanza. Usikadirie, pima. Mzani wa jikoni unatosha, na kama huna, muuza unga wa jirani hawezi kukunyima mzani wake dakika moja. Canon 200D na ile lenzi yake ndogo ya 18-55 haifiki gramu 700. Ukichukua 5D Mark IV na 70-200 ya f/2.8 unakaribia kilo mbili na nusu, hujaweka flashi wala maiki. Hao ni wateja wawili tofauti kabisa, lakini dukani wote wanapewa stendi moja.

Sasa, kwenye boksi utakuta imeandikwa inabeba kilo 3, kilo 5, kilo 8. Namba hizo zisikulevye. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinafuata, kila mmoja anapima anavyojua. Mimi huchukua uzito wa vyombo vyangu nikazidisha mara mbili na nusu hadi mara tatu. Vyombo vya kilo 2 natafuta stendi inayojitapa kubeba kilo 5 au 6. Na lenzi ndefu ina kodi yake, kwa sababu inakuza mtikisiko kama inavyokuza sura ya mtu. Stendi inayotulia vizuri na lenzi fupi ya milimita 35 inaweza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria ukiweka milimita 200.

Halafu tazama miguu, hasa kipande cha chini kabisa. Stendi yenye vipande vitatu kila mguu ikikunjwa inabaki ndefu lakini imara. Ya vipande vitano inaingia kwenye begi la mgongoni, ila kile kipande cha mwisho huwa chembamba kama kalamu ya risasi. Vipande vinne ndipo wengi tunapoangukia. Ukiwa kazini fungua vinene kwanza, vyembamba viwe vya mwisho.

Urefu: usisome ule wa kwenye boksi, maana wamehesabu na nguzo ya katikati ikiwa juu. Simama dukani, fungua miguu yote, nguzo iwe chini. Ongeza kama sentimita 20 za kichwa na kamera. Ikifika jichoni, umepata. Ukiinua nguzo umeweka kamera juu ya fimbo moja, ile miguu mitatu uliyoilipia haikusaidii tena sana. Mimi ya kwangu naigusa kwa nadra kama nguo ya Idi.

Kichwa ni kitu kingine na miguu ni kitu kingine. Zile za bei ya chini vimeunganishwa moja kwa moja, kikifa kichwa umezika vyote. Stendi ya maana kichwa kinafunguka, na huwa kinakaa juu ya skrubu ya inchi 3/8, wakati kamera yenyewe inatumia ya inchi 1/4. Vipimo hivyo ni vya dunia nzima, kwa hiyo unaweza kununua miguu mwaka huu na kichwa kizuri mwakani.

Wa picha mnato wanapenda kichwa cha gololi. Unalegeza kitufe kimoja, kamera inaelekea popote, unakaza. Kwa video ni mateso, maana ukitaka kugeuka kulia tu na yenyewe inainama. Kichwa cha video kina mpini mrefu na mafuta mazito ndani yanayofanya mgeuko uwe laini. Kile cha mipini miwili au mitatu ni cha wavumilivu, wapiga majengo na bidhaa za mezani, wanaotaka kusogeza upande mmoja bila kugusa mwingine.

Usafiri sasa. Kama unaenda kazini kwa bodaboda, stendi ya sentimita 75 iliyokunjwa ni hatari. Ukiilaza mapajani inatokeza pande zote na kugonga vioo vya magari Mwenge pale. Niliwahi kununua moja ya chuma, ya pili kwenye zile nne, kilo 4 na ushee. Imara kama mlingoti. Nilitoka nayo mara tatu tu.

Kuhusu hela, kwa hapa Dar nilivyoona mimi: chini ya elfu hamsini ni plastiki, ya simu na taa. Kati ya laki na laki mbili na nusu ndipo alumini ya kweli inaanza, nyingi za Kichina, na baadhi ni nzuri sana. Laki nne kwenda juu unaanza kukutana na majina kama Manfrotto ndogo za safari. Za mitumba zinavuruga hesabu hiyo yote, na mimi zote mbili nilizonazo ni mitumba.

Karibuni, mwenye la kuongeza aongeze.

---

Binti wa Uluguru

Shikamoo mkuu. Pole kwa lenzi, nimesoma nikashika kifua.

Mimi niko Morogoro, nina hiyo hiyo 200D uliyoitaja, lenzi ya 18-55 na 50 ya f/1.8. Napiga birthday za watoto, mahafali, na vitenge vya dada mmoja anayeuza mtandaoni. Kanisani wameniomba nianze kurekodi ibada na kwaya. Bajeti yangu ni laki moja na nusu, na hiyo ni baada ya kuvunja kibubu. Nisaidieni, ninunue gololi au ya video?

---

Mdau wa Luthuli

Salaam kutoka Nairobi. Mzee wa Shata umeandika vizuri lakini mimi nakupinga kidogo.

Si kila mtu abebe 70-200. Mimi napika na kurekodi kwa simu, na stendi yangu ya kwanza nilinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 1,800 za Kenya. Huu ni mwaka wa nne. Simu haina uzito, sitoki nje, upepo wa jikoni unatoka kwenye feni. Ningemsikiliza mtu wa laki nne nisingeanza kabisa. Na ile ya bei nafuu haifi bure hata ukipanda daraja, maana inageuka kuwa stendi ya taa au ya kinasa sauti. Kwa hiyo tusiwatishe wanaoanza.

Ila nguzo ya katikati nakubaliana na wewe. Ya kwangu ina mkono wa kuizungusha na siku hizi inateleza, nimeifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli.

---

Mzee wa Shata

Mdau, hapo umenifunga goli na nimelikubali. Kwa simu na kazi ya mezani elfu thelathini inatosha. Tatizo ni muuzaji kuiuza hiyo hiyo kwa mtu wa harusi na kumwambia "hii inabeba chochote boss".

Binti, marahaba. Swali lako ni zuri kwa sababu una kazi mbili zinazovutana. Vitenge unataka kamera itazame chini au itulie kabisa. Kwaya unataka kufuata mtu bila kuruka. Kwa laki na nusu hupati vyote viwili vipya, na vile vichwa vilivyoandikwa ubavuni kwamba ni vya mafuta, kwa bei hiyo vingi ni plastiki inayosugua plastiki na grisi kidogo katikati. Ningekuwa wewe ningetafuta ya mtumba yenye kichwa cha video. Kamera yako nyepesi, picha mnato utazipiga humo humo. Utachelewa kidogo tu kuigeuza kwa picha za kusimama wima, na hapo kuna vichwa ambavyo haviinami upande kabisa, angalia hilo kabla ya kulipa.

Ngoja aje Fundi Nati akuambie namna ya kukagua ya mtumba, yule ana macho ya daktari.

---

Fundi Nati

Nimeitwa, nimekuja. Nipo Temeke, natengeneza stendi, taa na vitu vya studio. Namna ya kukagua ni hii, na usimwonee haya muuzaji.

Fungua miguu yote mpaka mwisho, simamisha chini. Shika sehemu ya juu, pale miguu inapokutana, halafu nyonga kama unafungua chupa ya jemu iliyokaza. Stendi nzima inapaswa kukataa. Ukiona juu kunazunguka na miguu imebaki palepale, tazama yale maungio ya juu. Mara nyingi bolti zimelegea tu, na hilo si kosa kubwa. Zinakazwa na kile kifunguo kidogo cha pembe sita chenye umbo la L. Lakini kama pana ufa kwenye plastiki ya bega, rudisha. Huo ufa hauponi.

Halafu kandamiza kwa mikono miwili kila mguu kwa zamu, uzito wako kiasi, si wote. Kipande kikiteleza kuingia ndani, kufuli limechoka. Makufuli yako ya aina mbili. La klipu unalipiga kwa kidole, linalia, unajua limefunga, na linakazwa kwa skrubu likilegea. La kuzungusha ni zuri na halinasi nguo, ila ndani lina vipande vya plastiki kama maganda ya karanga, na vikisagika mguu unakuwa unazunguka tu bila kushika. Vinabadilishwa kama vipo. Uliza muuzaji: vipuri vipo? Akicheka umepata jibu.

Mtihani mkubwa ni kichwa. Nenda na kamera yako na lenzi yako nzito. Ifunge, iinamishe mbele kama nyuzi 45, kaza, tazama kwenye kioo cha kamera alama yoyote ya ukutani, kona ya kalenda kwa mfano, uiweke katikati. Achia mkono. Kila kichwa kinashuka kidogo. Kikishuka kiasi cha unene wa herufi, sawa. Kikishuka kalenda nzima, muage muuzaji kwa heshima. Kwa kichwa cha video ongeza hili: kigeuze polepole kulia, simama, achia mpini. Kama kinarudi nyuma kidogo kama mlango wenye springi, kila utakaposimamisha mgeuko mtazamaji ataona picha ikirudi.

La mwisho ndilo ninalolipenda. Washa picha kwenye kioo cha kamera, ikuze mara kumi, gonga mguu mmoja kwa kidole kama unagonga hodi. Hesabu mpaka picha itulie. Sekunde moja, nzuri. Mbili, unaweza kuishi nayo. Nne, hiyo ni gitaa.

Na wanaouliza kama chuma au plastiki pale skrubu inapoingia: geuza, tazama, kwaruza kwa ukucha. Ya Mzee wa Shata ilikuwa na koti la rangi ya fedha juu ya plastiki. Nilipewa kipande chake nikakiweka kwenye kopo la makumbusho.

---

Mpwani wa Darajani

Asalam aleikum. Nchi kavu mmeongea, ngoja bahari iongee.

Mie napiga Unguja, machweo, ngalawa, na maharusi wa ufukweni. Adui wa stendi huku si uzito, ni chumvi na mchanga. Mzee kasema fungua vinene kwanza. Majini ni kinyume. Vuta kile kipande chembamba cha chini kwanza, kiasi tu, ili kufuli libaki juu ya maji na juu ya mchanga. Mchanga ukiingia kwenye kufuli la kuzungusha utausikia siku hiyo hiyo, *krrr*, kama mtu anayetafuna dagaa wasiooshwa.

Tena wimbi lina hila. Unaweka stendi, inasimama sawa, wimbi likirudi linachimba chini ya miguu yako na ya stendi pia. Mie huikandamiza kwanza kila mguu mpaka ugome, nasubiri mawimbi mawili matatu, ndio naanza. Na mtu asiiache hata hatua tatu. Nimeona ya mwenzangu ikipiga magoti kuelekea kibla na kamera juu.

Ukirudi nyumbani, maji baridi ya bomba, miguu ikiwa imevutwa yote, uifute, uilaze wazi kivulini usiku kucha. Usiikunje na maji. Alumini nayo inaliwa na chumvi, hufanya unga mweupe maungioni.

Na kwenye majumba ya Mji Mkongwe, sakafu za mbao, usipige picha wakati mtu anapita. Hata stendi ya dhahabu itatikisika kwa sababu nyumba nzima inatikisika. Nasema "simameni kidogo jamani", nahesabu, napiga kwa kipima muda cha sekunde mbili, nisiguse kamera kwa kidole.

---

Abu Rashid Maskat

Nawasalimu kutoka Oman. Hamjataja stendi za nyuzi za kaboni au mnaogopa?

Napanda Jebel Shams kupiga nyota. Huko ni juu ya mita elfu mbili na zaidi hata kabla hujafika kileleni, na usiku wa majira ya baridi alumini inauma mkono kama barafu. Kaboni haiumi mkono hivyo. Nyepesi pia, ya kwangu imeniokolea kama nusu kilo ukilinganisha na ndugu yake wa alumini wa ukubwa ule ule. Kwa lenzi ya milimita 20 shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, inakaa wazi sekunde 20 hadi 25, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza hilo. Gitzo ndio walioanza kuuza stendi za kaboni mwaka 1994, na tangu hapo Wachina wameshusha bei sana. Nusu kilo kwenye mlima si mchezo.

---

Mdau wa Luthuli

Abu Rashid, nusu kilo kwako ni kaboni, kwangu ni nusu kilo ya unga 😂

---

Mzee wa Shata

😂😂 Mdau acha.

Abu Rashid hatuogopi, tunahesabu. Kaboni ni nzuri kwa anayetembea na stendi mgongoni saa nyingi. Mimi natoka kwenye Bajaji naingia ukumbini. Ile tofauti ya bei naipeleka kwenye kichwa. Miguu ya alumini ya kawaida yenye kichwa kizuri itakupa kazi safi kuliko miguu ya kaboni yenye kichwa cha kubahatisha. Na upepo ukianza, wepesi unageuka kuwa tatizo, inabidi utundike begi katikati. Likitundikwa liguse chini kidogo, likining'inia hewani linabembea na stendi inabembea nalo.

---

Dereva wa Ngorongoro

Wakuu, mimi natembeza wageni mbugani. Kila msimu nakutana na mtu amebeba tripodi ya milioni mbili kutoka kwao Ulaya, na inakaa kwenye gari siku tano bila kufunguliwa. Hifadhini hushuki kwenye gari ovyo, unashuka pale paliporuhusiwa tu, na ndani ya Land Cruiser yenye watu sita, miguu mitatu unaiweka wapi?

Dawa ni mfuko. Kitambaa kigumu cha jinzi, ushonwe kama mto mdogo, ujaze mchele au maharage, uulaze kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, lenzi juu yake. Uzito wa lenzi unachimba shimo lake wenyewe na inatulia kuliko stendi. Mgeni anakuja na mfuko mtupu, mchele tunanunua Karatu. Mwambie dereva azime injini, maana bila hivyo hata mfuko hausaidii. Gharama yake ni fundi cherehani na kilo mbili za mchele, na safari ikiisha mchele unapikwa.

---

Kwaya Kuu Dodoma

Mimi nachangia upande wa video za kanisa tu, kwa ajili ya dada wa Morogoro. Usiweke stendi kwenye jukwaa la mbao wanaposimama waimbaji. Wakianza kukanyaga mapigo kamera inacheza kwaya nayo. Shuka sakafuni kwenye saruji hata kama ni mbali, vuta kwa lenzi. Mguu mmoja uelekee mbele, kule lenzi inakotazama, miwili iwe nyuma kwako, hapo unapata nafasi ya kusimama bila kuipiga teke. Na zungushia utepe mweupe chini ya miguu. Watoto wa Sunday school hawaoni kitu cheusi.

---

Binti wa Uluguru

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilikuja Dar Jumamosi. Duka la kwanza nilipoanza kunyonga kama Fundi alivyosema, kijana akaniambia "dada unanunua au unapigana nayo?" Nikaondoka. Duka la pili kichwa kilishuka kalenda nzima, tena kalenda ilikuwepo kweli. Mwishowe nikampata kaka mmoja anayefunga studio yake, ana stendi ya alumini, vipande vitatu, kichwa cha video kinachofunguka. Nimegonga hodi nikahesabu, sekunde moja na kidogo. Kikiachiwa hakirudi nyuma. Kinainama na upande pia kwa picha za wima. Alitaka laki na themanini, tukaishia laki na thelathini na tano.

Ameshusha kwa sababu kibati cha kufungia kamera kimepotea. Nimefika nyumbani nina stendi nzuri na hakuna pa kuweka kamera. Nimelia kidogo halafu nikaja hapa. Je, nimepigwa?

---

Fundi Nati

Hujapigwa, umepata mali. Usinunue kibati chochote kwanza. Chukua rula, pima upana wa ile njia kinapoingia kibati, ndani kwa ndani, kwa milimita.

Ukipata kama 38, hiyo ni ya mtindo wa Arca-Swiss, vibati vyake viko kila kona, ila jaribu kabla ya kulipa kwa sababu vinapishana kidogo kiwanda na kiwanda. Ukipata kama 50 na njia ni ndefu, unaweza kuteleza kitu mbele na nyuma, basi ni ya familia ya zile ndefu za video za Manfrotto ambazo Wachina wamezinakili sana. Kama ni shimo la pembe nne tu lenye klipu ubavuni, nitumie picha.

---

Binti wa Uluguru

Milimita 50, ndefu. Inateleza mbele na nyuma.

---

Fundi Nati

Afadhali. Ninacho kimoja kwenye kopo, cha alumini. Elfu kumi na mbili, nakuweka kwenye basi la asubuhi. Kopo hilo hilo lenye kipande cha Mzee wa Shata, kwa hiyo kisome dua kabla ya kukitumia.

---

Mzee wa Shata

Fundi umeshindwa kunisamehe miaka yote hii.

---

Binti wa Uluguru

Kimefika, kimeingia bila kucheza. Nimeweka kamera na ile 18-55. Lakini nikilegeza pale pa kukazia kichwa, kamera inalala mbele yenyewe. Kichwa kibovu?

---

Mzee wa Shata

Si kibovu, kamera iko mbele mno. Ndiyo maana kibati kikawa kirefu. Legeza, shikilia kamera kwa mkono usiiachie, sogeza kibati nyuma kidogo kidogo mpaka ukitoa mkono ibaki ilipo. Ukibadili lenzi utarudia, ile 50 ni nyepesi, itataka kurudi mbele. Ukishapata mahali pake, chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kibati, mmoja wa kila lenzi.

---

Binti wa Uluguru

Nimesogeza nyuma kama sentimita mbili. Nimeachia mkono, nimehesabu mpaka ishirini, haijasogea. Mistari nimechora miwili, mwekundu wa 18-55, wa bluu wa 50. Kesho ubatizo saa tatu, na utepe mweupe nimeshanunua.